Ayala na Mbayuwayu: Maswali Ninayoulizwa Tanga

Kazi yangu ni kutembeza wageni na wanafunzi kutazama ndege, zaidi Raskazone na kwenye mashamba ya mkonge njia ya Muheza. Ukurasa huu ulizaliwa siku moja ya mwezi wa kumi. Nilikuwa na darasa zima la watoto wa shule, na pembeni alikuwepo babu mmoja wa Kijerumani aliyeomba kuungana nasi. Watoto walimwamkia "Shikamoo babu", naye akajibu "Marahaba" kwa lafudhi iliyowavunja mbavu. Halafu akanyoosha kidole kwenye waya wa umeme, walipojipanga mbayuwayu kama thelathini hivi, akasema kwamba ndege kama hawa hulala kwenye banda lake la ng'ombe kila kiangazi, na nyuma ya banda lile kuna kichaka wanamotoka ayala jioni kula majani.

Mtoto mmoja akauliza: "Sasa huyo ayala mbona haji naye?"

Tulicheka, lakini swali halikuwa la kuchekesha. Tangu siku ile nimeulizwa mengi juu ya hawa wawili, na nimechoka kujibu kwa ujumbe wa simu usiku wa manane. Majibu ni haya.

Ayala ni mnyama gani? Si ndiye paa?

Siye. Na hapa Kiswahili chetu kimetuchanganya wenyewe. Neno "ayala" wengi wamekutana nalo katika Zaburi ya 42, pale anapotajwa akiona shauku ya mito ya maji. Vitabu vingine vya watoto vimeandika "kulungu", vingine "paa", na kwenye kadi za Krismasi nimeona hata "swala" akivuta kigari kwenye theluji. Paa, funo, pongo, tohe na swala ni jamaa wa mbuzi na ng'ombe. Ayala, yule Waingereza wanayemwita "deer", ana ukoo wake mbali. Wote hucheua na wote wana kwato zilizogawanyika, basi macho ya haraka huwaona ndugu.

Kulungu ndilo neno lenye utata zaidi, maana huku kwetu wengi wakisema kulungu wana maana ya mnyama wa porini kwetu, yule mwenye michirizi na madoa meupe. Ndiyo maana mimi nimeng'ang'ania ayala.

Unazungumzia ayala yupi hasa, na mbayuwayu yupi?

Ayala wako aina nyingi, kuanzia wale wa kaskazini wenye pembe kama matawi ya mwembe hadi wadogo wa misitu ya Amerika ya Kusini. Mimi nazungumzia yule wa babu: ayala mdogo wa Ulaya, Capreolus capreolus, ambaye Wajerumani humwita Reh. Anaishi karibu Ulaya yote, tokea Hispania na Uingereza hadi Urusi ya magharibi, na anashuka mpaka Uturuki na kaskazini mwa Iran. Ireland hayuko, bahari ilimzuia. Mbayuwayu Ireland yuko tele.

Mbayuwayu naye ni Hirundo rustica: mgongo mweusi unaong'aa kibuluu, paji la uso na koo rangi ya kutu, mkanda mweusi kifuani, na mkia wa panda wenye nyuzi mbili ndefu. Wazee wengine wa pwani humwita barawai.

Mbayuwayu ni ndege mwimbaji kweli? Mimi nasikia vikelele tu.

Ni mwimbaji kwa ukoo na kwa kazi. Yumo katika kundi moja na shorewanda, kwera na chiriku, kundi ambalo kisanduku chao cha sauti kiko chini kabisa, pale koo linapogawanyika kuingia mapafu mawili. Kwa kuwa kila upande una misuli yake, ndege anaweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Wimbo wa mbayuwayu ni mlolongo wa vilio vya haraka haraka unaoishia na mkwaruzo, kama mtu anayevuta zipu. Kaa chini ya waya mwezi wa tatu, kabla hawajaondoka, utausikia vizuri.

Ayala huyu haimbi. Hubweka. Usiku ukilala karibu na msitu Ulaya utaapa kwamba ni mbwa mwenye hasira, kumbe ni mnyama mla majani aliyenusa harufu yako. Mtoto wake hutoa mlio mwembamba wa kumwita mama, na wawindaji wa kule wana filimbi za kuiga mlio huo.

Kwa ukubwa wanapishana kiasi gani?

Ayala huyu ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Begani ana sentimita 65 hadi 75, uzito wake mara nyingi ni kilo 20 hadi 30. Ni kama beberu wa kawaida wa huku kwetu, ila miguu mirefu zaidi na shingo nyembamba.

Mbayuwayu ana gramu 20 hivi. Shika sarafu mbili za shilingi mia tano kiganjani: ndiyo huyo, na mabawa yake, na wimbo wake. Ayala wa kilo 25 ni sawa na mbayuwayu 1,250 kwenye mizani moja. Nimewahi kumshika mmoja aliyelowa na mvua. Kilichonishangaza si wepesi, ni moto. Joto la mwili wa ndege liko juu kuliko letu, na moyo ulikuwa unatetemeka kama simu iliyowekwa mtetemo.

Mbona basi ayala hayupo Tanga?

Kwa sababu ya Sahara, na kwa sababu nafasi zilishajaa. Ayala wa asili katika Afrika ni mmoja tu, na yuko juu kabisa kaskazini, misitu ya Algeria na Tunisia. Kusini mwa jangwa hakuna aliyefika kwa miguu yake. Huku nafasi za kula majani ya vichakani zilishikwa zamani na jamaa za paa na pongo, na nafasi za kula nyasi zilishikwa na kongoni, kuro na wenzao.

Kuna ayala waliopelekwa Afrika Kusini na wazungu, hata Robben Island wapo, lakini hao walipanda meli.

Mbayuwayu hulivuka jangwa hilo hilo mara mbili kwa mwaka. Halijamwia rahisi, wengi hufia njiani, hasa watoto wa mwaka ule ambao hawajawahi kuiona njia. Ila ndege ana hila ambayo mwenye kwato hana: hula akiwa safarini, anadaka wadudu huku akisonga mbele, na kabla ya jangwa hujaza mafuta mwilini. Mchana husafiri, jioni hushuka kulala kwenye matete.

Tunajuaje kwamba wanatoka Ulaya? Labda wanajificha tu.

Usicheke, maana hata wasomi wa Ulaya waliwahi kuamini kwamba mbayuwayu hulala kwenye tope la maziwa wakati wa baridi. Kilichomaliza ubishi ni pete. Mwezi Mei 1911 mtu mmoja huko Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake pete ndogo mguuni. Desemba 1912 ndege yule yule alikamatwa Natal, Afrika Kusini. Hiyo ni safari ya karibu kilomita 10,000 kwa kiumbe cha sarafu mbili.

Ayala naye huvishwa alama, siku hizi kola zenye kifaa cha satelaiti, na ramani yake ukiiona utasikitika kidogo: madoa yote yamerundikana mahali pamoja. Wengi humaliza maisha ndani ya eneo ambalo ungelizunguka kwa baiskeli asubuhi moja. Ni mtu wa mtaa wake, kama wale wa Ngamiani ambao kuvuka barabara ya reli ni safari.

Wanakuja lini na kuondoka lini?

Wa kwanza huonekana Septemba mwishoni, Oktoba wanajaa, na Aprili waya ni tupu. Mzee mmoja mvuvi aliniambia wana kalenda ya majahazi, na sijapata maelezo mazuri kuliko hayo: jahazi la Uarabuni lilikuja na kaskazi, likaondoka na kusi. Mbayuwayu hutangulia kaskazi kidogo, na masika ikishika ameshaaga.

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Huyu hakuusikia. Hukaa nasi nusu mwaka, muda mrefu kuliko anaokaa kwenye banda la babu. Ukiniuliza kwao ni wapi, nitakujibu kwa kukuuliza wewe mwenye nyumba mbili.

Pembe za ayala zinafanana na za mbuzi?

Hapana, na hii ndiyo tofauti niipendayo kuliko zote. Pembe ya mbuzi, paa au pongo ni kiini cha mfupa kilichovikwa gamba gumu la kitu kile kile kinachotengeneza kucha zako. Haidondoki, hukua naye mpaka anakufa. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu, na kila mwaka hudondoka zote mbili, ya kulia na ya kushoto, kisha huota upya. Kwa ayala huyu mdogo hudondoka kati ya Oktoba na Desemba. Madume pekee ndio wenye pembe, na kwa kawaida kila upande una ncha tatu, urefu wa shibiri moja hivi.

Inapoota upya huvikwa ngozi laini yenye vinyweleo na mishipa ya damu. Ukiigusa ina joto. Hukua hivyo wakati wote wa baridi, wakati chakula ni haba. Machi au Aprili mfupa umekomaa, ngozi inakauka, na dume anaisugua kwenye miti michanga mpaka inachanika na kuning'inia kama kitambaa chenye damu. Mwenye shamba la miche hampendi hata kidogo.

Na mbayuwayu, yeye ana kitu gani cha kulinganisha na pembe?

Mkia. Na sasa tumefika pale nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Mtazame mbayuwayu anayefika Tanga Oktoba. Amechakaa. Mabawa yamefifia yakawa ya kahawia, nyuzi za mkia zimekatika au hazipo. Watoto huniuliza kama ni wagonjwa. Si wagonjwa, wamemaliza msimu wa kulea na wamevuka jangwa na nguo ile ile. Hapa ndipo wanapobadili. Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu wanaangusha unyoya mmoja mmoja, kwa zamu, ili wasishindwe kuruka hata siku moja, na kuotesha mpya. Nyuzi za mkia ni miongoni mwa za mwisho. Ukienda na darubini ileile kwenye waya uleule mwezi wa tatu, utadhani wameletwa ndege wengine: weusi wa kung'aa, koo jekundu, mkia mrefu umechongoka kama mkasi wa fundi cherehani.

Sasa pima tarehe. Miezi ambayo ayala amesimama kwenye theluji akiotesha pembe, mbayuwayu yuko juu ya korona, ule mtambo wa kukamua nyuzi za mkonge, akiotesha mkia. Wote wawili wanajenga pambo la mwaka ujao, na wote wawili madume ndio hulikuza zaidi. Mwaka 1988 mtafiti Anders Pape Møller alitoa matokeo ya jaribio alilofanya Denmark: aliwafupisha mikia madume wengine kwa mkasi, wengine akawaongezea kwa gundi. Wenye mikia ya kuongezwa walipata wake haraka kuliko wenzao. Majike huutazama mkia kabla ya kukubali.

Tofauti ni kwamba pembe hutumika kwa kugombana na mkia kwa kuposa. Ayala hutwanga na mwenzake. Huweza hata kumchoma akafa. Mbayuwayu huposa kwa kujionyesha.

Kwa hiyo nikiwaambia wanafunzi kwamba mahari ya huko Ulaya imetengenezwa kwa nzi wa Tanga, siwatanii.

Wanazaa vipi? Nani ana mimba ndefu?

Ayala ana kisa ambacho kina mama wa Muheza niliowasimulia hawakukiamini. Madume hupanda majike Julai na Agosti. Watoto huzaliwa Mei na Juni. Hesabu: ni karibu miezi kumi. Kwa mnyama wa ukubwa wa beberu ni muda mrefu mno, maana mbuzi huzaa kwa miezi mitano.

Siri ni kwamba yai likisharutubishwa linagawanyika kidogo, kisha linasimama. Halijishikizi kwenye mji wa mimba. Linaelea humo, dogo kama chembe, tangu kiangazi mpaka Desemba mwishoni au Januari, yaani karibu miezi mitano, na mama anaonekana hana kitu. Halafu linajishikiza, na kuanzia hapo mimba inakwenda kama ya mbuzi, miezi mitano, ikazaliwa majani yakiwa mabichi. Wawindaji walibishana karne nzima kama ayala hupandana kiangazi au majira ya baridi. Theodor Bischoff wa Ujerumani alieleza jambo hilo mwaka 1854 baada ya kupasua na kutazama mwezi kwa mwezi. Katika jamii nzima ya wenye kwato zilizogawanyika, ayala huyu anajulikana kwa hila hiyo ya kuahirisha mimba.

Bibi mmoja aliyekuwa akinisikiliza alisema, "Mwanangu, huyo mnyama angekuwa mwanamke wa hapa, mume angeshakwenda kwa mganga."

Mbayuwayu hana subira hiyo. Hataga mayai manne au matano, hulalia wiki mbili, makinda hukaa kiotani wiki tatu hivi, na mara nyingi hurudia tena kiangazi hicho hicho. Ndege hawezi kubeba mimba angani.

Watoto wanafananaje?

Mtoto wa ayala huzaliwa na macho wazi, manyoya yenye madoa meupe, na ndani ya saa chache anasimama. Kwa kawaida ni mapacha. Mama huwaficha kwenye majani marefu, kila mmoja pahali pake, akaenda kula na kurudi kunyonyesha. Wakisikia hatari hawakimbii, hulala chini kimya wala hawatoi harufu kubwa. Hila hiyo humshinda mbweha. Mashine ya kukata majani haishindwi nayo, na kila Mei wengi hukatwa. Siku hizi wakulima wa Ujerumani hurusha droni zenye kamera ya joto alfajiri kabla ya kukata, wakiona doa jekundu wanakwenda kumtoa.

Kinda la mbayuwayu huzaliwa uchi, kipofu, mdomo mkubwa wa manjano. Baba na mama wote hulisha, mara mamia kwa siku. Baba ayala halei; hamjui hata mtoto wake.

Wanakula nini? Na ni kweli mbayuwayu hupunguza malaria?

Ayala ni mchaguzi. Hana meno ya juu mbele, kama mbuzi, na tumbo lake lina vyumba vinne, lakini ni dogo kwa mwili wake, basi hawezi kujaza nyasi kavu kama ng'ombe. Hunyofoa machipukizi, matunda ya kichakani, maua, ncha za miche. Wakulima wa waridi wanamjua.

Mbayuwayu hula wadudu wanaoruka, na anapenda wanono: nzi, inzi wa mavi ya ng'ombe, kumbikumbi mvua za vuli zikianza. Mtazame nyuma ya mbuzi wanaochungwa, anapita chini karibu aguse majani, maana mifugo inawaamsha wadudu. Hata maji hunywa akiruka, anachota kwa mdomo juu ya dimbwi.

Malaria siyo. Mbu wa malaria hutoka usiku, mbayuwayu ameshalala. Usiache chandarua kwa ajili yake.

Nani anaona vizuri zaidi?

Mbayuwayu, bila mashindano. Ndege wana aina nne za seli za rangi, sisi tatu, ayala mbili. Ndege huona hata mwanga ambao sisi hatuuoni, ulio ng'ambo ya urujuani. Ayala hatofautishi nyekundu na kijani. Ndiyo sababu wawindaji wa Ulaya huvaa vizibao vya rangi ya chungwa, wenzao wawaone na mnyama asiwaone. Lakini ayala ana pua na masikio, na upepo ukimletea jasho lako hutamwona tena leo.

Nani anaishi miaka mingi?

Ayala aliyevuka mwaka wa kwanza anaweza kufika miaka kumi na zaidi. Mbayuwayu wengi hawafiki minne. Wa miaka minne ameshapita Sahara mara nane.

Kiota cha udongo kwenye baraza yangu ni cha huyu?

La, na hapa watu hugombana nami. Mbayuwayu wa Ulaya hajengi Tanga kabisa. Kiota chake, bakuli la vidonge zaidi ya elfu vya matope, kiko kwenye mabanda huko. Kiota cha barazani kwako chenye mlango mrefu kama shingo ya kibuyu ni cha binamu yake wa hapa hapa, mwenye kichwa na kiuno rangi ya kutu na michirizi kifuani. Na wale weusi wadogo wenye doa jeupe kiunoni, wanaopiga kelele kwa makundi juu ya majengo ya mjini jioni, si mbayuwayu hata kidogo, wala si waimbaji. Kipimo ni rahisi: hao hawatui kwenye waya. Miguu yao haiwezi.

Vyote viacheni. Udongo unadondoka barazani, ndiyo, weka gazeti chini.

Je, ndio wale ndege wa Sura ya Tembo?

Naulizwa hili sana Ngamiani. Qurani imesema ndege "ababil", na wafasiri wengi huleta maana ya makundi kwa makundi, haikutaja aina. Kwa Kiurdu mbayuwayu huitwa ababil, na nadhani ndiko mkanganyiko ulikoingilia. Zaidi ya hapo muulizeni sheikh, mimi ni mtu wa darubini.

Nimeokota mbayuwayu amelowa. Nimfanye nini?

Boksi la viatu, matundu machache, kitambaa ndani, giza, kimya. Usimmiminie maji mdomoni, utamzamisha. Usimpe mkate wala wali. Akikauka na kupata joto mwachie mchana, mahali pa wazi, kwa kumweka juu ya kiganja na si kwa kumrusha. Kosa la kumrusha nimelifanya mwenyewe mara moja, akagonga ukuta, na mpaka leo sipendi kulisimulia.

Akiwa na pete mguuni, soma herufi na namba zote na maneno yaliyochongwa, piga picha, mwache nayo. Maneno yale ndiyo anwani ya waliomvisha. Watoto wenye manati na ulimbo waambieni hivyo: huyo ana barua mguuni.

Nikitaka kumwona ayala, niende Saadani?

Saadani utaona kuro, kongoni, tohe, hata palahala ukibahatika, na ni pazuri, ndio hifadhi ya taifa iliyogusana na Bahari ya Hindi. Ayala hutamwona. Mwongozaji akikuonyesha "deer" anakurahisishia tu kwa lugha ya wageni. Muulize jina lake la Kiswahili.

Na mbayuwayu nimtafute wapi, saa ngapi?

Oktoba, njia ya Muheza, saa kumi na moja jioni, penye mkonge uliokatwa karibuni au ng'ombe wanaorudi zizini. Tazama waya kwanza, ndipo utazame angani. Kisha rudi palepale wiki ya tatu ya Machi, uone mikia. Beba mwavuli, masika ya Tanga haipigi hodi.